Vigae, Mbao, na Mbwa Asiyelala Ndani

Kwa akina Treloar mbwa alikuwa haingii ndani, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Mwanakondoo aliyefiwa na mama yake aliingia, akalazwa kando ya jiko na kunyweshwa chupa kama mtoto wa mfalme. Mchungaji wa kanisa aliingia, ingawa kwa shingo upande. Hata nyoka aliwahi kuingia, akakaa nyuma ya friji mpaka kiangazi kikaisha. Lakini mbwa? Thubutu! Mbwa wa kuswaga kondoo ni mfanyakazi, alisema Murray Treloar, kama alivyosema baba yake, na mfanyakazi ukishamwonjesha zulia umemharibu. Kinachobaki ni mzigo wenye manyoya.

Kanuni ya pili ilikuwa chungu zaidi. Siku mbwa anaposhindwa kuinuka kwa miguu yake mwenyewe, ndiyo siku yake. Humpeleki kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano na mtu baki. Mbwa kakutumikia maisha yake yote, basi unamalizana naye mwenyewe, kwa risasi moja, nyuma ya banda, halafu unarudi kunywa chai na mtu asikuulize kitu. Murray alikuwa amefanya hivyo kwa kila mbwa aliyewahi kumfuga, na kila mara chai ilimshinda.

Mkewe, Lorna, alitamani kijibwa cheupe cha kupakata tangu walipofunga ndoa. Kila alipokitaja, Murray alimjibu yaleyale: "Siku mbwa akilala ndani ya nyumba yangu, nivalishe gauni unipeleke mnadani."

Haya. Magoti ya Murray yakachoka, shamba likauzwa, wazee wakahamia mjini Hamilton kwenye nyumba ya matofali nyuma ya hospitali, mahali wanapoishia wafugaji wote wa upande ule. Bunduki ikasalimishwa polisi. Mbwa wawili wakaja nao. Mick alikuwa kijana mwenye kelele. Biddy alikuwa kikongwe, mdomo mweupe, ameswaga kondoo na Murray mpaka ikawa mmoja akifikiri mwenzake anatenda. Baridi ya kwanza ilipoingia, Murray alimsikia kibandani akitetemeka, mnyororo unalia. Akatoka na ndara zake, akamfungua, akamwambia, "Dakika tano tu, usizoee."

Biddy akazoea. Murray akazoea zaidi.

Yeye na Lorna walilala vyumba mbalimbali kwa sababu ya kukoroma, kila mmoja akimsingizia mwenzake, kwa hiyo kutunza siri hakukuwa kazi. Lorna akishazima taa, mlango wa nyuma unafunguliwa. Kabla hajaamka, Biddy keshafungwa kibandani, anapiga miayo kama hahusiki. Manyoya Murray aliyaokota kwa utepe wa gundi. Mick naye alikaribishwa mara moja, akakanyaga kizingiti, akageuza. Mick alikuwa na msimamo kuliko bwana wake.

Mambo yakaharibika Lorna alipolichoka zulia walilolikuta mle.

"Linanuka sigara za mtu ambaye hata simjui," alisema asubuhi moja, akipaka siagi mkate. "Ling'olewe. Nataka mbao. Ule mkaratusi mwekundu."

Murray akaweka mkate chini. Mbao! Kila hatua ya Biddy kutoka mlango wa nyuma mpaka kitandani ingechorwa pale kwa kucha, na Lorna ana macho ya mwewe. Angefichuliwa ndani ya wiki moja. Angekuwa amekataa kijibwa cheupe ujana wote wa mkewe, halafu aje yeye kuumbuka na jibwa la kondoo lenye vumbi mpaka masikioni.

"Vigae," alisema.

"Nini?"

"Vigae ni bora."

"Murray, wewe ukikanyaga sakafu ya baridi unapiga kelele mpaka hospitali wanasikia."

"Nimebadilika."

"Tangu lini?"

"Warumi walitumia vigae."

"Na wako wapi sasa hao Warumi?"

Murray akajifanya anasoma pakiti ya chai.

Dukani walipokelewa na binti aitwaye Shaylee, mwenye kope ndefu na uvumilivu wa kulipwa. Akawauliza kama wana mbwa.

"Wawili," alisema Lorna.

"Wa nje," alisema Murray.

"Kama wanaingia ndani," Shaylee akaanza, "mbao za kupakwa mafuta, zisizong'aa, zinawashika miguu vizuri. Zitapata mikwaruzo, huwezi kukwepa. Vigae havikwaruziki na kuosha ni rahisi, ila sasa mbwa akiwa mzee, vigae vya kung'aa..."

"Binti," Murray akamkata, "mbwa wangu hawajui hata mlango wangu una rangi gani."

"Nilikuwa nasema tu kwamba..."

"Wa nje!"

Shaylee akamtazama Lorna. Lorna akatazama dari. Kuna kitu kilimchezea mdomoni, lakini Murray alikuwa ameinamia sampuli, anagonga vigae kwa kidole kama mtu anayepima matikiti.

Walibishana njia nzima ya kurudi na siku kadhaa baadaye. Lorna akasema miguu yake itaganda. Murray akasema soksi zipo, na tena sufu yake wameifuga wenyewe. Lorna akasema nyumba itakuwa kama machinjio. Murray akasema machinjio ni safi. Mwishowe Lorna akachoka, au akaamua kuchoka. "Sawa. Weka vigae vyako. Lakini rangi nachagua mimi."

Akachagua vyeupe, vya kung'aa, vikubwa kama sinia za harusi. Vikawekwa nyumba nzima. Wakati gundi inakauka, wazee walijibanza kwa binti yao kule Warrnambool, na jirani akawalisha mbwa uani. Waliporudi, Athol Kinnane alikuja kuviona.

Athol alikuwa jirani yao wa shambani tangu enzi, mjane, mtu mwenye ulimi mchafu na moyo aliouficha asijue mtu uko wapi. Bado alifuga kondoo peke yake. Mbwa hakuwa naye tena; aliyekuwa wa mwisho, Nugget, alikufa, na tangu hapo Athol aliswaga kwa pikipiki. Pikipiki haili nyama, alisema, na ukiuliza mara ya pili ulitukanwa.

Alisimama sebuleni na buti zake mkononi, akaviangalia vigae.

"Lorna, mnauza samaki humu?"

"Muulize mwenye vigae."

"Murray, ndugu yangu, hii ni sakafu au choo cha waziri?"

"Ni rahisi kuosha," alisema Murray.

"Kuosha nini? Una miaka mingi hata gari hujaosha." Athol akateleza na soksi zake, akajishika kwenye kabati, akatoa neno ambalo halisemwi mbele ya watu wazima. "Mtavunja nyonga wote wawili, na hospitali iko hapo nyuma. Au ndiyo maana mlihamia huku?"

Lorna alicheka mpaka akaenda kukaa. Murray hakucheka. Alikuwa ameanza kusikia kitu ambacho hakukifikiria kabisa, kule uani: kucha za Mick kwenye kipande cha kigae kilichobaki. Ka, ka, ka, ka. Mbao zingemfichua kwa macho ya Lorna. Vigae vitamfichua kwa masikio yake.

Basi usiku ule alimbeba Biddy. Mzee na magoti yake mabovu, mbwa mzee mikononi kama bibi harusi, wote wawili wanahema. Alimlaza kando ya kitanda, pale alipolala siku zote, akamfunika fulana yake. Biddy akashusha pumzi ndefu, akalala. Murray akajiona ndiye mjanja wa wilaya nzima.

Asubuhi Lorna aliondoka mapema kwenda kupanga maua ya kanisa. Murray akakaa kitandani, akapiga ulimi kama kawaida. "Haya bibi, tutoke."

Biddy akainua kichwa. Akasukuma miguu ya mbele, ikaenda kushoto na kulia. Akajaribu ya nyuma, ikatawanyika, nyonga zikapiga sakafu, akalia. Akajaribu tena. Akalia tena. Mara ya tatu hakujaribu. Alimtazama Murray, na mkojo ukatoka, ukasambaa taratibu kwenye vigae vyeupe vilivyo rahisi kuosha.

Murray alibaki amekaa na mguu mmoja ndani ya suruali. Alijua anachokiona. Alifundishwa kukijua kabla hajajua kusoma. Moyo ulimwuma kama meno, akasema kwa sauti, "La, Biddy. Usinifanyie hivi, mama." Halafu, kwa sababu alilelewa hivyo na hakuna aliyewahi kumfundisha vingine, akafuta mkojo, akapiga simu.

"Athol. Bunduki yako ipo?"

"Nani?"

"Biddy. Kashindwa kuinuka."

"Mlete," alisema Athol. Hakutania.

Akamfunga Biddy kwenye blanketi, akambeba mpaka kwenye pikapu, akamlaza juu ya gunia. Mick alibweka mpaka gari likapotea. Njiani Murray aliongea peke yake. Alimkumbusha Biddy kondoo dume lililomkanyaga akalirudia. Alimkumbusha mafuriko, na ule mwaka wa moto ambapo yeye, Biddy, alijua njia wakati watu wazima hawajui. Alimwomba radhi kwa mnyororo na kibanda, na kwa baridi yote aliyompitisha kabla ya zile dakika tano. Machozi yakamtoka, akayaacha, maana kondoo wa pembeni ya barabara hawasimulii mtu.

Athol alikuwa akimngoja nyuma ya banda la kukatia sufu, bunduki begani, kofia imeshushwa.

"Alianguka wapi?"

"Karibu na kibanda," Murray akadanganya. Hata pale, hata saa ile, akadanganya!

"Nifanye mimi?"

"Wangu."

"Haya. Wako." Athol akampa bunduki, akampa na risasi moja. "Mfanyie hapo hapo kwenye gunia. Usimsumbue."

Lakini Murray hakutaka gunia. Alitaka bibi yake afe amegusa ardhi. Akamwinua na blanketi lake, akamshusha kwenye majani, akambusu juu ya pua mbele ya Athol Kinnane bila kujali. Akarudi nyuma hatua chache. Akaipachika risasi, Athol akamshika kiwiko.

Biddy akanusa majani. Akasukuma miguu ya mbele. Ikashika. Akasukuma ya nyuma, nayo ikashika. Akasimama, akajikung'uta kuanzia masikioni mpaka mkiani, akatembea kwa kuchechemea kidogo mpaka kwenye gurudumu la pikapu, akakojoa kwa heshima zake zote. Kisha akawaona kondoo wa Athol. Akainamisha kichwa, akawaendea polepole, na wale kondoo wapumbavu, ambao walikuwa wameshazoea pikipiki, wakajikusanya pembeni ya ua wenyewe.

"Huyu ndiye maiti wako?" alisema Athol.

Murray aliitoa risasi, akaitia mfukoni, akakaa chini palepale majanini.

"Hebu niambie ukweli," Athol akasema. "Alianguka wapi?"

"Chumbani."

"Chumba gani?"

"Chumbani kwangu, Athol! Kando ya kitanda! Analala ndani. Tangu tuhamie analala ndani, na nikaweka vigae ili Lorna asione kucha zake kwenye mbao. Haya, cheka."

Athol akacheka kweli. Alicheka akainama, akajishika magoti. "Gauni!" alisema. "Wewe si ulisema uvalishwe gauni? Nitalinunua mimi! La maua!" Akafuta macho. "Kwa hiyo mbwa hakuwa na kitu. Kateleza tu. Kwenye vile vigae vyako vya samaki miguu haikupata pa kushika, ukaja hapa unataka kumtandika risasi mbwa mzima kwa sababu ya..."

Hapo kicheko kilikatika katikati.

"Athol?"

Athol alikuwa anaangalia nyumba yake, dirisha la jikoni. Marehemu mkewe ndiye aliyelipendezesha jiko lile, na sakafu yake inayong'aa na kuteleza Murray aliijua vizuri. Alishamwaga bia pale mara nyingi.

"Nugget alikuwa jikoni," alisema Athol.

"Nugget? Ndani?"

"Tangu Maeve afariki. Nyumba ilikuwa kimya mno. Sikumwambia mtu." Alivua kofia, akaivaa tena. "Asubuhi moja miguu ikamtawanyika hivyohivyo unavyosema. Akajaribu, akajaribu. Akanitazama. Nikambeba mpaka hapa juu ya gunia." Akaonyesha mahali pale nyuma ya pikapu kwa kidevu. "Sikumshusha, Murray. Nilisema nisimsumbue. Nilimmaliza palepale kwenye gunia. Hakukanyaga hata jani moja."

Kumwambia labda Nugget alikuwa mgonjwa kweli kungekuwa uongo mwingine, na kwa siku ile uongo ulimtosha Murray. Akajiinua kwa shida, akaenda kusimama kando ya rafiki yake, bega kwa bega, wakamwangalia Biddy akiwachunga kondoo ambao hawakuwa na pa kwenda.

"Una nyundo?" Murray akauliza mwishowe.

"Ninayo."

"Na tindo?"

"Vyote ninavyo. Vya nini?"

"Twende."

Lorna aliporudi kutoka kanisani alisikia kishindo tangu getini. Aliingia akakuta wazee wawili wamepiga magoti kwenye ujia wa kwenda vyumbani, weupe kwa vumbi kama waliomwagiwa unga, wanavunja vigae vipya. Njia iliyopasuka ilianzia mlango wa nyuma na kwenda moja kwa moja mpaka chumbani kwa Murray. Biddy alikuwa amelala juu ya saruji ya chini, ile mbaya, yenye madoa ya gundi. Alipomwona Lorna akasimama mwenyewe, bila shida yoyote, akatikisa mkia.

"Murray," alisema Lorna, "mnafanya nini?"

Murray akaweka nyundo chini.

"Mbwa analala ndani," alisema. "Analala chumbani kwangu tangu tuhamie. Nilikudanganya. Vigae niliviweka kwa sababu hiyo, na leo asubuhi vimemfanya ashindwe kuinuka, na mimi nikampeleka kwa Athol nikampige risasi. Nilishaiweka risasi, Lorna. Ningemwua."

Lorna akaweka mkoba wake juu ya meza.

"Kwamba analala ndani najua," alisema. "Unadhani nani anafua mashuka yako? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nilitaka nikusikie ukisema, baada ya miaka yote ile ya kuniimbia wimbo wa gauni." Akapiga magoti kando ya Biddy. "Nikanyamaza ukaweka vigae. Nilijua analala pale, nikasema ngoja, acha kisirani chake kimwumbue. Kumbe nami nilikaribia kumwua." Akamshika Biddy kichwa, akakaa naye pale kwenye vumbi na sketi yake ya kanisani. Kisha akamwona Athol, ambaye alikuwa hajaacha kupiga. Alipiga bila mpango, kigae kilekile kilichokwisha kuvunjika, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake.

"Na huyu kimemkuta nini?"

"Nugget," alisema Murray. "Alikuwa jikoni."

Lorna alifahamu lile jiko. Alifahamu sakafu yake. Akanyanyuka, akamwendea Athol, akamtoa nyundo mkononi kwa upole, kidole kimoja kimoja. Athol akamwachia. Wakabaki hivyo wote watatu sakafuni, na mbwa katikati.

"Tutaweka mbao," Lorna alisema baadaye. "Nyumba nzima. Akwaruze anavyotaka."

"Zile zisizong'aa," alisema Murray. "Yule binti alisema zinashika miguu."

"Ulimsikia kumbe."

"Nilimsikia."

Athol akajipangusa pua kwa mkono wa shati. Alikaa akiangalia ile saruji chafu, na Biddy aliyekuwa ameshalala tena juu yake.

"Hizo mbao," alisema, "zinauzwa duka gani?"

Murray akamgeukia. "Za nini, Athol? Wewe huna mbwa."

"Ndiyo," alisema Athol. "Nauliza tu."